Safari ya Ugali, Toka Shamba Hata Sahani

Leo twataka kuzungumza nanyi juu ya kitu ambacho wengi wenu mtakila kabla ya kulala, nacho ni ugali.

Huenda mtu akasema, "Ugali! Nani asiyeujua ugali?" Naam, kila mtu aujua mdomoni. Lakini kuujua mdomoni ni jambo moja, na kuijua safari yake ni jambo jingine. Mwulizeni mtoto wa mjini, "Ugali hutoka wapi?" Atajibu, "Hutoka kwenye unga." "Na unga je?" "Hutoka dukani." Hapo njia yake imekwisha. Mtoto wa shamba atakwenda mbele kidogo; atasema kwamba unga hutoka kwenye mashine, na mahindi hutoka shambani. Lakini naye mkimwuliza kwa nini mahindi huanikwa juu ya turubai wala si juu ya udongo mtupu, au kwa nini mama hutupa punje hii na kuiacha ile, mara nyingi atanyamaza. Amezifanya kazi hizo kwa mikono yake, lakini hakuambiwa sababu.

Basi neno letu la leo ni hili: chakula na maarifa yake ni pacha. Chakula kikisafiri peke yake, na maarifa yake yakabaki nyuma, chakula hicho chaweza kugeuka kuwa ugonjwa, na hata mauti. Kwa hiyo kumfundisha mtoto njia ya chakula chake si hadithi ya kupitisha wakati. Ni sehemu ya kumlisha. Nasi tutaifuata punje moja ya muhindi toka mwanzo wake hata sahani, tuone mahali inapohitaji mtu mwenye kujua.

Kwanza tuulize asili yake. Jina la mahindi latukumbusha nchi ya Uhindi, lakini mmea huu haukutoka huko. Ulitoka Mexico. Yapata miaka 9,000 iliyopita watu wa nchi ile walianza kuchagua mbegu za nyasi moja ya mwituni, ambayo punje zake zilikuwa chache na kila moja imefungwa katika ganda gumu. Mwaka hata mwaka walipanda zile zilizo bora, na vizazi vingi vilipita hata nyasi ile ikawa muhindi tunaoujua. Baada ya Columbus kuvuka bahari mwaka 1492, mbegu zilichukuliwa mpaka Ulaya, na Wareno wakaziingiza katika pwani za Afrika. Hapa kwetu watu wa zamani walikula mtama, uwele na ulezi. Mahindi yalikuja yakapanda bara polepole, hata leo katika nyumba nyingi neno "chakula" lina maana ya ugali.

Sasa sikilizeni jambo la ajabu. Kule Mexico akina mama hawakusaga mahindi makavu tu. Tangu zamani za kale waliyachemsha katika maji yenye chokaa au majivu, wakayaosha, kisha wakayasaga. Watu wa Ulaya waliuchukua mmea, lakini desturi hii hawakuichukua. Waliiona ni kazi ya bure. Katika karne ya 18 maskini wa Hispania na wa Italia, waliokula mahindi karibu peke yake, walianza kupatwa na ugonjwa wa kutisha: ngozi ilichubuka, tumbo liliharisha, akili ziliruka, na wengi walikufa. Ugonjwa huo huitwa pelagra. Mwanzoni mwa karne ya 20 uliwapata watu wengi katika majimbo ya kusini ya Marekani, na wakubwa wengi walidhani unaambukizwa. Daktari mmoja, Joseph Goldberger, aliyeanza kuuchunguza mwaka 1914, alionyesha kwamba asili yake ni chakula kisichotosha. Waliopewa maziwa, nyama na mayai walipona. Mwaka 1937 ikajulikana kwamba kilichokosekana ni vitamini iitwayo niasini. Mahindi yanayo, lakini imefungwa ndani ya punje, na chokaa ndiyo huifungua.

Mwaona, wasikilizaji? Mmea ulivuka bahari, maarifa yakabaki pwani. Sisi wa Afrika Mashariki tunaokula ugali kwa maharage, kwa dagaa, kwa samaki, kwa maziwa na mboga za majani, twajipatia katika vyakula hivyo kile ambacho ugali mtupu hauwezi kutoa. Kwa hiyo mtoto asidhani kwamba kitoweo ni pambo la sahani. Kitoweo ni nusu ya chakula.

Haya, na twende shambani. Mvua imenyesha, punje imewekwa katika shimo, na baada ya siku chache jani limechungulia. Miezi miwili hivi ikipita, tazameni vizuri mmea huu, kwa maana una maua ya namna mbili. Juu kabisa hutoka mbelewele, ndilo ua dume, nalo hudondosha vumbi la manjano. Katikati ya bua hutoka hindi changa na ndevu zake, ndilo ua jike. Kila unywele mmoja wa ndevu zile huishia katika punje moja. Vumbi likiangukia unywele, punje yake hujaa. Lisipouangukia, mahali pale hubaki pengo. Siku mtakapomenya hindi mkaona mapengo, msiseme, "Hindi hili ni bovu." Semeni, "Hapa vumbi halikufika." Tena hesabuni mistari ya punje. Mtaona kwamba karibu siku zote hesabu yake hugawanyika kwa mbili: 12, au 14, au 16.

Siku hizo za maua ndizo siku za hatari. Jua likizidi na mvua ikakosa, mmea hudhoofika, na mmea uliodhoofika ni kama mtu mwenye njaa: maradhi humwona upesi. Kuna kuvu moja ikaayo katika udongo na katika mabua yaliyooza. Huingia katika hindi likiwa bado shambani, hasa mwaka wa ukame na mahali penye wadudu watoboao mahindi. Ikumbukeni kuvu hii, maana tutakutana nayo tena njiani.

Mahindi yakikomaa, mtu ajuaje? Wengi hutazama maganda yaliyokauka. Liko na jambo jingine ambalo kila mtoto aweza kulitazama. Ngoeni punje moja, mkwaruze kidogo ncha yake iliyokuwa imeshika gunzi. Mkiona alama nyeusi, basi punje imekwisha kunyonya chakula chote cha mama yake. Tangu hapo kukaa kwake shambani hakuongezi kitu, bali kunawapa wadudu, ndege na mvua nafasi ya kuiharibu.

Sasa tumefika mahali palipotufanya tuchague mazungumzo haya, nako ni uanikaji. Wazee walisema, "Mchumia juani hulia kivulini." Kwa habari ya mahindi methali hii ni kweli mara mbili, kwa maana asiyeyaanika juani vyema hatakula kwa raha kivulini.

Mwaka 2004, katika nchi ya Kenya, hasa katika wilaya za Makueni na Kitui, watu walianza kuugua ghafula. Macho yao yaligeuka manjano, matumbo yakavimba, wakakosa nguvu. Waganga wa hospitali walihesabu wagonjwa 317, na katika hao 125 walikufa. Haikuwa homa ya mbu wala ugonjwa wa kuambukizana. Ilikuwa ugali. Watu walikula mahindi waliyoyalima wenyewe, yaliyowekwa ndani yakiwa na unyevu. Kuvu ile ya shambani ilizaa humo, ikaacha sumu, na sumu ikaharibu maini yao. Mwaka 2016 msiba wa namna hiyo ulitokea Tanzania, katika mikoa ya Dodoma na Manyara: watu 68 waliugua, na 20 wakafa.

Sumu hiyo kwa Kiswahili huitwa sumukuvu. Wataalamu waliijua kwa mara ya kwanza kwa njia ya ndege. Mwaka 1960 bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa Uingereza, na hakuna aliyejua sababu. Walipochunguza chakula chao, wakaona kwamba walilishwa karanga zilizosagwa kutoka Brazil, zilizokuwa zimeota kuvu. Kwa hiyo si mahindi tu yaliyo hatarini, bali karanga pia. Na wasio na bahati si wale tu wanaokula sumu nyingi kwa mara moja. Anayekula kidogo kidogo kwa miaka mingi yumo katika hatari ya saratani ya ini, na wachunguzi wengi wameiona sumu hii pamoja na kudumaa kwa watoto.

Sumukuvu ina tabia tatu ambazo yafaa mtoto azijue kama ajuavyo jina lake. Ya kwanza, haionekani. Kuvu yaweza kuonekana, rangi yake kijani kama majani au ya manjano, lakini sumu yenyewe haina rangi wala harufu, na punje yaweza kuwa nayo hali yaonekana safi. Ya pili, moto wa jikoni hauiondoi. Mpishi ajapousonga ugali mpaka mkono umechoka, sumu ingalimo. Ya tatu, hupita toka kiumbe hata kiumbe. Ng'ombe akilishwa mahindi yenye sumu, baadhi yake huingia katika maziwa, na mtoto huyanywa. Basi yule asemaye, "Mahindi haya yameoza, tuwape ng'ombe," hakuiondoa sumu nyumbani. Ameiingiza kwa mlango wa pili. Vivyo hivyo asemaye, "Tuyapikie pombe."

Katika Afrika Mashariki kanuni ya mahindi ya kuuza ni kwamba sumukuvu isizidi sehemu 10 katika sehemu bilioni moja. Walimu, msaidieni watoto kuufahamu udogo huu. Punje ikiwa na uzito wa kama theluthi moja ya gramu, punje bilioni moja zitajaza zaidi ya magunia 3,000 ya kilo 100. Katika magunia yote hayo ni kama punje 10 tu. Adui huyu ni mdogo namna hiyo, na hatuwezi kumpiga kwa macho. Twaweza kumpiga kwa jambo moja tu: kumnyima maji anayoyataka.

Na maji hayo ndiyo unyevu wa punje. Mahindi yanayotoka shambani huwa na maji mengi ndani yake, ingawa kwa nje yaonekana makavu. Kanuni yetu yataka katika kila sehemu 100 za uzito, maji yasizidi sehemu 13 na nusu. Basi yaanikwe juani, juu ya turubai, au mkeka, au kichanja kilichoinuliwa, wala yasimwagwe juu ya ardhi tupu, kwa sababu ardhi ina unyevu na ndiyo nyumba ya kuvu. Yatandazwe kwa wepesi, yageuzwe mara kwa mara, na yaondolewe kabla ya mvua na umande. Kazi ya kuyageuza na kuyalinda mara nyingi hupewa watoto. Mtoto aliyeambiwa tu, "Kaa hapa ufukuze kuku," atakwenda kucheza kuku wakiondoka. Mtoto aliyeambiwa kwamba wingu lile likinyesha hapa laweza kumwua ndugu yake mdogo baada ya miezi minne, huyo atalitazama wingu.

Je, mtu asiye na chombo cha kupimia atajuaje kwamba mahindi yamekauka? Wengine huuma punje na kusikiliza mlio wake. Ni njia nzuri, lakini yataka meno yenye mazoea. Iko njia nyingine nyepesi, inayofaa sana shuleni. Chukueni chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, yenye kifuniko. Tieni mahindi kiasi cha robo au theluthi ya chupa. Ongezeni vijiko viwili au vitatu vidogo vya chumvi kavu. Fungeni, kisha tikiseni kwa nguvu muda wa dakika moja, halafu iacheni chupa itulie robo saa. Chumvi ikigandama kwenye kioo, mahindi yangali na maji zaidi ya sehemu 15 katika 100, yarudisheni juani. Chumvi ikianguka chini bila kugandama, maji yamepungua chini ya hapo. Hata hivyo msifanye haraka. Yapeni tena siku moja au mbili za jua kali, ili yakaribie ile 13 na nusu. Somo hili halihitaji fedha. Chupa ipo, chumvi ipo, na mahindi yapo.

Baada ya kukauka, mahindi hupukuchuliwa. Desturi ya kuyatia katika gunia na kuyapiga kwa fimbo ni ya haraka, lakini huvunja punje nyingi, na punje iliyovunjika ni nyumba isiyo na mlango: kuvu na wadudu huingia wapendavyo. Yafaa kupukuchua kwa mikono au kwa chombo kisichovunja. Kisha punje huchambuliwa. Zilizoota kuvu, zilizobadilika rangi, zilizosinyaa na zilizotobolewa hutengwa. Hizo zifukiwe mbali, wala zisiwe chakula cha mtu wala cha mnyama.

Halafu ni ghala. Wazee wetu walijenga vihenge vilivyoinuliwa juu ya nguzo, hewa ipite chini, na panya washindwe kupanda. Wengine walitundika mahindi juu ya meko, moshi uwafukuze wadudu. Hayo yalikuwa maarifa. Lakini maadui nao hubadilika. Fukusi twamjua tangu zamani. Yapata mwaka 1980 alionekana katika mkoa wa Tabora mdudu mwingine mgeni, aliyetoka Marekani ya Kati, kwao mahindi yenyewe. Watu walimwita dumuzi, naye hula kwa haraka kuliko fukusi, hata ghala lililojaa punje huwa ghala la vumbi. Yeye tena alikuja kwetu na waliokuwa wakimshinda kwao hawakuja pamoja naye. Siku hizi watu wengi hutumia mifuko au mapipa yasiyopitisha hewa. Waelezeni watoto sababu yake: mdudu naye hupumua. Akifungiwa ndani pamoja na mahindi makavu, huimaliza hewa aliyo nayo, kisha hufa, bila dawa yoyote. Lakini mahindi mabichi yakifungiwa humo yataharibika tu. Wazee walisema, "Akiba haiozi." Nasi twaongeza: akiba iliyokaushwa.

Sasa baadhi ya punje zetu zaanza safari ndefu. Toka Rukwa, Ruvuma, Njombe na Mbeya, au kule Kenya toka Trans Nzoia na Uasin Gishu, malori hupakia magunia kwenda mijini na katika wilaya zenye ukame. Huko Kenya gunia huhesabiwa kilo 90. Tanzania, kilo 100. Hapa pia maarifa yanahitajika, nayo ni hesabu. Mkulima asiyejua mizani hukubali gunia lijazwe mpaka lishonewe kilemba juu yake, ndiyo lumbesi, akalipwa bei ya gunia moja. Mtoto ajuaye kupima na kuzidisha aweza kusimama kando ya baba yake na kuuliza kwa adabu, "Baba, je, tusiyapime kwa kilo?" Swali hilo laweza kuokoa ada ya shule. Tena gunia likinyeshewa njiani, kazi yote ya turubai na jua imepotea. Kwa hiyo dereva, mpagazi na mwenye duka nao wamo katika orodha ya walinzi wa chakula chetu.

Tumefika kwenye mashine ya kusaga. Bibi zetu walitwanga katika kinu kwa mchi, wakapepeta kwa ungo, wakasaga kwa jiwe. Leo mashine hufanya kazi hiyo kwa dakika chache, lakini hutuuliza swali: mwataka dona au sembe? Dona ni punje nzima iliyosagwa, pamoja na ganda lake na kiini chake. Sembe ni punje iliyokobolewa kwanza. Ganda na kiini vimeondolewa kuwa pumba, na unga hutoka mweupe. Watu hupenda weupe, lakini katika kiini mna mafuta na katika ganda mna vitu viujengavyo mwili. Aliye na dona ana chakula kamili zaidi. Lakini yafaa tuseme yote. Mafuta ya kiini hufanya dona lichache upesi, kwa hiyo lisagwe kidogo kidogo. Na sumukuvu, kama imo, huwa nyingi katika ganda na kiini. Kwa hiyo mwenye kula dona hana budi kuwa mwangalifu zaidi wa kuanika na kuchambua. Dona ni chakula cha watu wenye bidii.

Mwisho ni jikoni. Maji yamechemka, unga kidogo umetiwa kuwa uji, kisha unga mwingine, na mwiko umeanza kazi. Mama ausonga, augeuza, aupakua. Kando yake maharage yamewekwa, na mchicha, na dagaa. Watoto wananawa mikono.

Hapo basi safari imekwisha. Lakini twajua kwamba mtu mmoja miongoni mwenu anasema moyoni, "Ninyi mwasema tutupe punje mbovu. Mwezi wa njaa, mama akiwa na debe moja tu, nalo limeingia kuvu, na watoto watano wanamtazama, atalitupa?" Hilo ni swali la haki, wala hatutalijibu kwa wepesi. Ni neno gumu kumwambia mwenye debe moja alimwage. Wengi waliokula mahindi mabaya hawakuwa wavivu wala wajinga; walikuwa na njaa, na hawakuwa na debe la pili. Ndiyo sababu twasema kwamba shauri hili halikatwi mwezi wa njaa. Mwezi wa njaa umechelewa. Hukatwa mwezi wa mavuno, siku turubai linapotandazwa, siku chumvi inapotikiswa katika chupa, siku mtoto anapoliona wingu na kuwaita wenzake. Siku hizo gharama yake ni ndogo, ni jasho na uangalifu tu. Miezi minne baadaye gharama yake ni debe zima, au ni zaidi ya debe.

Ninyi walimu, basi, msiliache somo hili ndani ya kitabu. Kila mtoto na apande punje yake katika bustani ya shule, auhesabu unywele na pengo. Darasa zima na lifanye jaribio la chupa, tena kila mmoja alifanye nyumbani mbele ya wazazi wake. Wapelekeni kwenye mashine wakaone dona na pumba. Waalikeni bibi na babu wa kijiji waje kueleza jinsi kihenge kilivyojengwa na kwa nini moshi uliachwa upande darini. Maana maarifa mengine yamo katika vichwa vyao tu, na kichwa cha mzee hakisomwi baada ya kuzikwa. Na kwa watoto wa mjini, wasio na shamba, waonyesheni gunia sokoni na mfuko dukani, wajue kwamba nyuma ya kila kibaba kuna mikono mingi.

Nanyi wazazi, mkimtuma mtoto, mwambieni na sababu. Msiseme tu, "Chambua." Semeni, "Chambua, kwa maana punje hii yaweza kuliumiza ini." Neno moja la ziada halichoshi kinywa. Samaki mkunje angali mbichi.

Na ninyi watoto, leo jioni ugali utakapowekwa mbele yenu, kabla ya kukata tonge la kwanza mwulizeni aliyepika, "Mahindi haya yalianikwa wapi?" Akijibu kwa uhakika, kuleni kwa furaha. Akisema hajui, msimkemee, wala msiache kumheshimu. Bali msimu ujao kuweni ninyi mtakaojua.